Sista Hildegarda, Bendera ya Kijani na Bahasha Sitini na Moja

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni 2025, muuguzi wetu, Sista Hildegarda, atafikisha miaka sitini, na kwa mujibu wa sheria atastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na sita na miezi tisa ya kazi. Kati ya hiyo, miaka ishirini na miwili ameitumia hapa kituoni kwetu, barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, katika chumba namba nne, kliniki ya presha na sukari. Leo Ijumaa tumekusanyika kumuaga. Turubai limefungwa, spika zimekubali kulia baada ya kubembelezwa, na ratiba mnayo mkononi.

Mimi niliyeandika haya na ninayewasomea ni Tumwagile wa dirisha la dawa. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mitatu, yeye akiwafundisha watu kumeza na mimi nikiwapa cha kumeza. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja. Nimechukua zaidi, na mwenye malalamiko anajua dirisha langu liko wapi. Kuna wengine nimewasikia wananung'unika kwa nini chai imetangulia, wakati kawaida yetu ni kuwanyima watu chai mpaka hotuba ziishe ili wasitoroke. Vumilieni. Chai ina sababu yake, mtaiona mwishoni.

Nianze na lililotutoa jasho. Mwezi Machi, tangazo la kustaafu kwa Sista lilipobandikwa ubaoni, wagonjwa arobaini na watatu wa kliniki yake walifika dirishani kwangu mmoja mmoja, si kuchukua dawa, bali kukabidhi barua. Walikuwa wanaomba kustaafu kumeza. Si utani, barua zote ninazo kwenye faili. Ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa nyingine zote, ni ya Mzee Melkizedek, na kichwa chake kimepigiwa mstari mara mbili: Yah: Maombi ya Kustaafu Kumeza Dawa. Anasema husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwamba ameitumikia presha kwa miaka kumi na miwili, sukari kwa miaka tisa na moyo kwa miaka sita, bila kupewa onyo la maandishi. Na kwamba kwa kuwa mkuu wake wa kazi anastaafu tarehe 30 Juni, naye anaomba kupumzika siku hiyo hiyo. Nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kijiji, na Jalada.

Siku ya kwanza tulicheka mpaka tukashika mbavu. Siku ya pili hatukucheka, maana Mzee Melkizedek hana mzaha na karatasi. Mwaka 2016 aliacha dawa wiki tatu tu, akiwa harusini Tabora kwa ndugu zake, akarudi na kiharusi. Mpaka leo mkono wake wa kushoto hauwezi kufunga kifungo cha shati. Akiacha tena tutamzika kabla ya Nane Nane, na wale arobaini na wawili wanaomfuata kwa kila jambo hawatachelewa. Hilo ndilo lililokuwa mezani kwetu tangu Machi. Sista anaondoka, na watu wake wamekusudia kuondoka naye kwa njia mbaya kabisa.

Sasa turudi nyuma kidogo, tumjue huyu mama vizuri.

Sista Hildegarda alizaliwa Mvumi, mtoto wa tatu wa Bibi Generoza, ambaye mnamwona mstari wa mbele pale na kitenge cha njano. Mkipita mbele yake mpeni shikamoo. Asipoipata huwa anaidai. Alisoma shule ya misheni huko milimani, ambako alifundishwa mambo mawili ambayo hajayaacha: kutandika shuka pembe zikae sawa, na kutomwamini mtu anayesema ameshakula. Oktoba 1988 akaajiriwa Kilosa mjini. Baadaye akapelekwa Kilangali, na mwaka 2003 akaletwa hapa pamoja na baiskeli yake ya Foniksi, ambayo nayo ingestaafu leo kama ingekuwa na cheti cha kuzaliwa.

Miaka ile ya mwanzo kazi ilikuwa malaria na uzazi. Amewapokea duniani watoto ambao sasa ni waendesha bodaboda wa njia ya kwenda kijiji cha Ulaya, na wakimwona wanapunguza mwendo na kuvaa kofia ngumu haraka haraka. Halafu magonjwa yakabadilika tabia. Zamani yalikuja yakaondoka. Sasa yakaanza kuja na kukaa, tena yanakuja kwa makundi. Mtu mmoja ana presha, ana sukari, ana moyo, na gauti juu yake. Anaondoka dirishani kwangu na bahasha tano, akifika nyumbani anazimwaga mezani, anazitazama, anachoka, anameza kile kidonge chenye rangi nzuri. Vingine anavihifadhi.

Sista aligundua mapema kwamba mtu kupewa dawa ni jambo moja, na dawa kupita kooni ni jambo lingine kabisa. Na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Hakugombeza mtu. Alimwacha mgonjwa aeleze sababu yake mpaka mwisho, hata iwe ya ajabu namna gani, kisha akaichukua sababu hiyo hiyo na kumrudishia ikiwa imegeuzwa.

Chukua wale wanandoa wa Kilangali, Mzee Vitalis na Mama Magreth. Wote wawili wana presha, wote wawili wana sukari. Kila mwezi walichukua dawa bila kukosa, na kila mwezi vipimo vilikuwa vya kutisha. Sista akapanda Foniksi mpaka kwao. Akakuta wamegawana kazi: Mzee Vitalis anameza za sukari kwa niaba ya nyumba nzima, Mama Magreth anameza za presha kwa niaba ya nyumba nzima. Walimweleza kwamba wamekula chungu kimoja miaka arobaini, wameugua pamoja, kwa hiyo haikuwa na maana watu wawili kufanya kazi ambayo mmoja anaiweza. Sista akatikisa kichwa kwa heshima, akasema huo ni utaratibu mzuri sana. Saa saba chakula kilipoiva akapendekeza wautumie utaratibu ule ule: Mzee Vitalis ale ugali kwa niaba ya nyumba, Mama Magreth ashushie maji kwa niaba ya nyumba. Wakakubali, maana wao ni watu wa kanuni. Kufika saa nane Mama Magreth alikuwa amekunywa jagi zima na anamtazama mumewe kwa jicho ambalo Sista anasema hakuwahi kuliona hata wodi ya wazazi. Tangu siku hiyo kila mtu anameza zake.

Au lile la Bi Monica, anayeishi upande wa Mikumi, mpakani na hifadhi. Yeye hakumeza kwa sababu hakujisikia vibaya; aliweka dawa akiba kwenye kihenge, katikati ya mahindi, kwa ajili ya siku za shida. Shida ikaja ikiwa tembo. Tembo akabomoa kihenge, akala mahindi, akala na dawa za presha za miezi minane. Bi Monica akaja kituoni kuripoti upotevu. Sisi wengine tulishikwa na kicheko, lakini Sista alichukua kadi mpya ya kliniki, akaandika. Jina: Tembo. Makazi: Hifadhini. Jinsia: haijathibitishwa. Dawa: za miezi minane kwa mkupuo. Tarehe ya kurudi: wiki ijayo. Akamwambia Bi Monica kwamba kwa kuwa dawa zake zimeshapata mgonjwa anayezimeza, yeye asubiri zamu yake nyuma ya tembo. Bi Monica alikasirika sana kutanguliwa na mnyama. Hajaruka siku mpaka leo. Tatizo ni kwamba kadi ile iliingia kwenye daftari, na kila robo mwaka taarifa yetu inaonyesha mtoro mmoja wa kliniki ambaye hajafuatiliwa. Tumeulizwa mara sita. Sista amejibu mara sita kwamba mgonjwa amefuatiliwa mpaka geti la hifadhi na ameonekana ana afya njema.

Sasa tuje kwenye bendera.

Mzee Melkizedek ni mtu wa reli kwa ukoo. Babu yake alikuja na reli, baba yake aliishi na reli, yeye mwenyewe alishika bendera za treni miaka thelathini na minne na kustaafu mwaka 2014 bila treni hata moja kugongana mbele yake. Alipotoka kwenye kiharusi kile cha 2016, alipewa dawa, akaagizwa azimeze asubuhi na jioni, akaenda nazo nyumbani, na hakuzigusa. Kila Sista alipomtembelea alimkuta amekaa kwenye kiti uwanjani, amevaa koti la kazi, vidonge viko kwenye kisahani mbele yake na glasi ya maji pembeni, anasubiri. Alikaa hivyo siku nne. Mkewe alidhani amechanganyikiwa.

Sista akakaa naye asubuhi nzima, hakuuliza kitu. Mwishoni ndipo mzee akafunguka. Alisema maagizo ameyapata na ameyaelewa, ila hajapewa ishara ya kuondoka. Miaka thelathini na minne hakuwahi kufanya jambo kwa sababu saa imefika, saa hukosea. Alifanya jambo kwa sababu bendera ya kijani imeinuliwa na mtu mwenye mamlaka. Loo! Sista akarudi kituoni moja kwa moja, akashusha pazia la kijani la wodi ya wazazi, akalikata kidogo na kulishona kwenye kijiti cha fagio. Kesho yake saa mbili asubuhi akasimama getini kwa Mzee Melkizedek, akainua. Mzee akameza vyote kwa mpigo, akapiga saluti.

Alifanya hivyo kila siku miezi mitatu, asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Halafu miguu ikachoka, akapata wazo ambalo sisi tulioliona tulisema limemzidi. Alimkabidhi mzee bendera mwenyewe, kwa masharti kwamba haruhusiwi kujiinulia peke yake. Lazima awainulie na wenzake. Mzee akapanda juu ya tuta la reli ya zamani, mahali panapoonekana kutoka sokoni, kisimani na uwanja wa bodaboda. Saa mbili kamili akainua. Watu wakauliza kulikoni. Wakaambiwa. Mwisho wa mwezi walikuwa kumi, mwisho wa mwaka thelathini na kitu. Wauza nyanya wanasimamisha biashara, wanameza, wanaendelea. Kuna mteja wa Morogoro aliyesimama pale akinunua vitunguu akaona soko zima linatupa vichwa nyuma kwa pamoja. Alirudi kwenye gari na hajaonekana tena.

Sitaficha kwamba kulikuwa na ajali. Mwaka 2019 kundi la ng'ombe lilikatiza kwenye reli saa mbili na sekunde chache, na Mzee Melkizedek, kwa mazoea ya ujana, akainua bendera yake nyekundu aliyoitunza tangu kazini. Watu thelathini na sita walikuwa tayari na vidonge mdomoni. Nyekundu maana yake simama. Hawakumeza, hawakutema, wakasimama. Ng'ombe walikuwa wengi. Tulikuja kuitwa na mama lishe mmoja aliyeogopa, na Sista alilazimika kupita mdomo kwa mdomo akitoa ruhusa. Baada ya hapo nyekundu ilitaifishwa, iko kabatini kwangu.

Lakini nani atabisha matokeo? Miaka sita sasa hatujapata kiharusi kipya kwa mtu yeyote wa bendera. Vituo vingine vina mabango na semina. Sisi tuna pazia.

Sasa mnaelewa kwa nini barua za Machi zilitushtua. Kwa Mzee Melkizedek, amri hutoka kwa mtu, na mtu akistaafu amri yake inakufa. Sista Naomi, binti aliyeletwa kushika nafasi, alipanda tutani mwenyewe akajitambulisha, akawasihi kwa adabu zote. Walimwitikia marahaba zote na kumsifu kwa malezi mazuri, kisha wakamwambia tarehe ya mwisho ni ile ile. Sista Hildegarda mwenyewe alikwenda nyumba kwa nyumba mwezi mzima wa Aprili. Wakamwambia apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha, na wao pia. Nilimwona akirudi jioni anaisukuma Foniksi badala ya kuipanda. Sikuwahi kumwona hivyo.

Tarehe 14 Mei tukafanya makabidhiano ya ofisi. Tulikuwa watatu: Sista, mimi, na Mganga Mfawidhi wetu, Dokta Lusekelo, ambaye husoma fomu kwa sauti kama anasoma injili. Kiti kimoja, kizima. Kiti kimoja, miguu mitatu. Mashine ya presha, moja. Pazia la kijani, moja, halipo. Liko juu ya tuta la reli. Tukafika kwenye droo ya tatu ya meza yake. Sista akasema ufunguo umepotea. Dokta Lusekelo akasema fomu haina sehemu ya kuandika umepotea. Nikaleta mkasi, tukaifungua.

Ndani kulikuwa na bahasha za dawa, za mkono wangu, mwandiko wangu, za presha na sukari. Sitini na moja. Hazijafunguliwa. Juu ya kila moja jina: Generoza.

Hapa inabidi nieleze. Kwa miaka sita Sista alikuja dirishani kwangu kila mwezi kuchukua dawa za mama yake, kwa kadi ya mama yake, akisema Bibi hawezi safari. Sikuuliza, ningemuulizaje yeye? Sasa hizi hapa, hazikufika Mvumi. Dokta Lusekelo akashika kichwa. Bibi wa miaka themanini na minne, mgonjwa wa presha na sukari, miaka sita bila dawa! Sista alijaribu kusema kitu lakini hakuna aliyemsikiliza. Gari la kituo lilikuwa limeshawashwa. Tulifika Mvumi kwa mwendo ambao sitauandika hapa. Bibi Generoza tulimkuta juu ya dari anapanga mahindi.

Dokta Lusekelo akampa shikamoo akiwa anahema. Bibi akaitika marahaba, akashuka ngazi mwenyewe, akauliza mgonjwa yuko wapi tumsaidie. Tukampima. Presha 120 kwa 80. Sukari ya binti wa shule. Akatuambia kwamba kidonge cha mwisho kumeza kilikuwa klorokwini mwaka 1978, kilimwasha mwili mzima, akaapa kutomeza kingine. Hajawahi kuwa na kadi ya kliniki. Hajawahi kusikia kwamba anaumwa.

Tukageuka wote kumtazama Sista Hildegarda, aliyekuwa amekaa kwenye gari, hajashuka. Dokta Lusekelo akamfuata garini. Alimfunga mashine mkononi pale pale kitini. 190 kwa 110. Sukari kumi na nne.

Dawa zilikuwa zake, na kadi aliiandika mwenyewe kwa jina la mama yake. Sita kati ya bahasha sabini na mbili alizimeza, kila mwaka moja, akiwa likizo. Tano hakumbuki. Zilizobaki ndizo zile. Akatuambia kwamba asubuhi saa mbili huwa anawatazama watu, na jioni saa kumi na mbili huwa anawatazama watu, na yeye nafasi hana. Akasema wagonjwa wakijua anayewamezesha naye anaumwa, wataona dawa ni uongo. Akasema angeanza kumeza vizuri akishastaafu. Jamani! Kwa miaka kumi na mitatu nimemsikia akijibu sentensi hiyo hiyo kwa kumuuliza mgonjwa kama presha yake inaijua tarehe.

Nilimkasirikia. Nilirudi nikafunga dirisha nusu saa, bango likisema naenda stoo, nikalia. Nililia kwa hasira, na kwa sababu niliandika jina la Generoza kwa mkono wangu mara sabini na mbili bila kuuliza hata mara moja. Ningempoteza huku namsalimia kila asubuhi. Hilo nalisema wazi, na silisemi kwa kucheka.

Siri ya mgonjwa ni siri, kwa hiyo hatukumwambia mtu. Ni yeye aliyesema. Siku ya nne alivaa sare yake, akatembea kwa miguu mpaka kwa Mzee Melkizedek, akaweka bahasha sitini na moja kwenye kapu mbele yake, akamweleza yote. Na ni yeye aliyeniagiza niyaandike humu, maana alisema amechoka kuwadai watu ukweli asiokuwa nao. Ameisoma aya hii na zote zilizotangulia, ameweka sahihi pembeni, na pale nilipoandika bahasha sitini amesahihisha kwa kalamu nyekundu kuwa sitini na moja.

Kuanzia hapa chini, Sista, hujasoma. Naomba ukae vizuri.

Mzee Melkizedek, baada ya wewe kuondoka siku ile, alikaa kwenye kiti chake mpaka jua likazama. Kesho yake alfajiri alinikuta mlangoni pa kituo, amevaa koti la reli, vifungo vyote amevifunga kwa mkono mmoja. Alisema vilimchukua saa nzima. Alidai barua yake ya Machi. Nikampa. Akaichana vipande vinne na kukabidhi nyingine, kichwa kimepigiwa mstari mara mbili: Yah: Maombi ya Kuongezewa Mkataba. Anasema husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwamba katika kukagua njia amegundua kuna abiria mmoja amebaki nyuma, tena ni yule aliyekuwa anawasafirisha wengine. Na kwamba mtu wa reli haruhusiwi kufunga stesheni wakati abiria yuko njiani. Anaomba kuendelea kumeza mpaka abiria huyo afike. Dokta Lusekelo ameandika pembeni: Nimekubali, muda wa mkataba haujawekwa. Mpaka juzi Jumatano, wale arobaini na wawili wote walikuwa wamefuata barua zao na kuzichana. Chumba cha dawa kimejaa karatasi.

Utaratibu wako umeshapangwa bila kukushirikisha, kama wewe ulivyotupangia sisi. Pazia limekatwa nusu kwa nusu mbele ya kamati, na fomu ya makabidhiano imerekebishwa: nusu tutani, nusu Mvumi. Nusu ya Mvumi, unakohamia ukistaafu, amekabidhiwa mama yako. Saa mbili kila asubuhi Mzee Melkizedek atambipu Bibi, Bibi atainua, wewe utameza, Bibi atabipu kurudisha. Jioni vivyo hivyo. Usipomeza, au ukisema utaanza wiki ijayo, Mzee amenionyesha kwamba anajua bodaboda ya kwenda Mvumi inapatikana wapi, na mimi nimemrudishia ile bendera nyekundu.

Kwa watumishi wote, kwa Dokta Lusekelo na Sista Naomi, kwa uongozi wa kijiji, na kwa niaba ya tembo ambaye hajarudi, tunakushukuru kwa miaka thelathini na sita na miezi tisa. Ulitufundisha kwamba mtu hafi kwa kukosa dawa tu, anakufa pia kwa kuwa nazo mezani.

Sasa kuhusu ile chai. Leo saa mbili asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu apewe bendera, Mzee Melkizedek hakuiinua. Watu wake wote wako hapa chini ya turubai na vidonge vyao kwenye leso. Nilitaka wote muwe mmekula kitu, na wewe pia, Sista. Nimekuona ukimaliza andazi. Bahasha iliyo mezani mbele yako ni ya leo, na safari hii nimeandika jina sahihi. Glasi ya maji iko mkono wako wa kulia. Tazama mstari wa mbele: mama yako amesimama.

Tunakutakia maisha mema na marefu, asubuhi na jioni, baada ya chakula, bila kuruka siku. Meza, Sista. Watu arobaini na watatu wana vidonge mdomoni, na hakuna atakayemeza kabla yako.